Kabla Hujanunua Kontroli ya Pampu ya Mafuta, Pima Pampu Yenyewe

Gari linatoka Mbezi, Dar es Salaam, asubuhi likiwa zima kabisa. Linafika Ubungo, foleni inalibana, joto linapanda, linaanza kukata. Ukikanyaga mafuta linakohoa. Likizima, haliwaki mpaka lipumzike nusu saa. Fundi wa kwanza anabadilisha plagi, wa pili koili, wa tatu anauza pampu mpya. Wiki mbili baadaye gari liko tena kando ya barabara.

Ugonjwa unaokuja na joto na kuondoka na ubaridi namna hiyo, angalia kontroli ya pampu ya mafuta. Ni kiboksi chenye mgongo wa alumini, kinatosha kiganjani. Kazi yake ni kupokea amri ya kontrol boksi kubwa ya injini na kuipa pampu umeme kwa mapigo ya haraka, kidogo gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, mwingi likipanda mlima. Subaru nyingi zenye tabo zina hatua tatu tu: asilimia 33, 66 na 100. Umeme wote wa pampu hupitia humo, ndiyo maana kiboksi huchemka na hufungwa kwenye bodi ya gari ili bodi inyonye joto.

Si kila gari linacho. Toyota ndogo nyingi za mjini zinaendesha pampu kwa relei (swichi ya umeme ya kuwasha na kuzima tu) peke yake, kwa hiyo usimruhusu mtu akuuzie kontroli ya gari lisilokuwa nayo. Mark X na Crown za V6 zinayo ndani ya buti, nyuma ya kava la pembeni. Subaru nyingi pia wameificha nyuma, chini ya plastiki za buti. Golf za TSI huwa chini ya kiti cha nyuma, juu ya mfuniko wa pampu. Ford F-150 za 2004 hadi 2008 waliifunga kwenye chesisi juu ya tairi ya spea, alumini ikigusa chuma moja kwa moja. Ikala kutu mpaka ikatoboka, na mbadala wake ukaja na vimiguu vya kuinyanyua.

Sasa kupima. Ukipiga mashine ya kusoma kodi za hitilafu unaweza kukuta P0230 au P0627, ambazo ni za saketi ya pampu, au U0109, yaani kontroli imekata mawasiliano. P0087 na P0171 zinasema tu kwamba mafuta hayatoshi. Hazikuambii nani mkosaji. Kusikiliza mlio wa pampu ukiwasha swichi nako kunadanganya: magari mengi hupiga pampu kama sekunde 2 kisha hunyamaza, Golf huipiga ukifungua tu mlango wa dereva, na Toyota nyingi hazipigi kabisa mpaka uzungushe stata. Ukimya peke yake si ushahidi.

Toa kava, iache soketi imechomekwa, chokoa kwa nyuma ya waya na ncha nyembamba za mita. Waya wa moto, yaani wa chanya, usome sawa na betri. Gari likiunguruma, waya unaokwenda kwenye pampu kwa magari mengi hausomi volti 12 kamili. Huwa 8 hadi 10 ukiwa sailensa, na hupanda ukikanyaga mafuta. Kama moto unaingia, amri inaingia, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) ni nzima, lakini hakuna kinachotoka, kontroli imekufa.

Hiyo ethi ndiyo wengi wanairuka. Usiipime kwa kuangalia kama inapiga mlio kwenye mita. Uzi mmoja uliobaki kwenye waya uliooza utapiga mlio vizuri tu. Ipime ikiwa kazini: ncha moja kwenye pini ya ethi ya kontroli, nyingine kwenye hasi ya betri kwa waya mrefu, pampu ikizunguka. Ikizidi volti 0.2, kuna kutu mahali. Magari yaliyopita kwenye maji ya Jangwani wakati wa masika, au yanayolala karibu na bahari, bolti ya ethi ya nyuma huwa na unga wa kijani au mweupe chini yake. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga. Kuna gari zinapona hapo hapo, bila spea.

Hatua inayofuata ndiyo kiini cha makala hii. Gari likiwa limezimwa, chomoa soketi ya kontroli, tafuta waya mbili zinazokwenda kwenye pampu, zipe umeme wa betri kwa waya wenye fyuzi ya ampea 15. Unganisha upande wa betri mwisho, mbali na tenki, kwa sababu cheche na mvuke wa petroli havikai pamoja. Pampu ikizunguka, bana mita ya klampu, ile ya kupima ampea, kwenye waya mmoja. Pampu nyingi za magari madogo hula ampea 4 hadi 8. Ikila 10 na zaidi, ama filta ya ndani ya tenki imeziba, ama pampu yenyewe imechoka na inazunguka kwa shida. Kontroli ilikuwa inabeba mzigo huo kila siku, ikaungua. Ukiweka mpya juu ya pampu hiyo, umenunua ya kuunguza tena.

Chanzo cha pampu kuchoka tunakijua: kutembea na taa ya mafuta inawaka siku zote. Pampu inapozwa na petroli inayoizunguka, na uchafu wa miaka umelala chini ya tenki. Usishuke chini ya robo tenki.

Kununua. Nenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Shauri Moyo na kiboksi chako mkononi, si picha tu. Linganisha namba nzima kwenye lebo, tarakimu zote. Za Toyota huanza na 89570, lakini zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari na gari. Soketi kuingia si uthibitisho kwamba zinafanana. Ya mtumba igeuze: pini zenye kijani, gundi iliyochokonolewa au alumini yenye alama za maji, rudisha. Na makubaliano ya kuirudisha yafanyike kabla ya kulipa, maana spea ya umeme ikishatoka dukani huwa hairudi. GM kama Tahoe na Silverado zinahitaji kontroli iingizwe programu ya gari husika, kwa hiyo tafuta kwanza mwenye mashine.

Kufunga kwenyewe ni dakika ishirini. Toa hasi ya betri kwa spana namba 10. Bonyeza loki ya soketi, vuta kwa plastiki, kamwe si kwa waya. Fungua bolti au nati, futa sehemu ya kukalia mpaka iwe safi na bapa, kwa sababu rangi iliyovimba na uchafu huzuia joto kutoka. Kaza kiboksi kishikane na bodi. Usikiache kinaning'inia kwa kamba za plastiki kama tunavyokuta kwenye magari mengi. Kitachemka na kufa mapema.

Kuna wanaokwepa gharama kwa kupiga pampu dairekti: relei, waya wa spika, moto wa swichi, basi. Gari litatembea. Ila waya wa spika ni mwembamba na utapata moto, na pampu itafanya kazi kwa asilimia 100 hata kwenye foleni. Kwenye gari ambalo kontroli ndiyo inayopanga presha, injini itamwagiwa mafuta kuliko inavyotaka. Kubwa zaidi, ukigongwa injini ikazima huku swichi bado imewashwa, pampu inaendelea kusukuma petroli kwenye bomba lililopasuka. Kama huna budi kufika nyumbani, fika, kisha uitoe.

Baada ya kufunga, washa swichi mara mbili tatu bila stata, kagua harufu na uvujaji, ndipo uwashe. Usimlipe fundi kwa sababu gari limeunguruma dakika tano. Liache sailensa nusu saa na AC imewaka, kisha lipeleke kilima cha Kimara ukikanyaga mafuta. Shika kiboksi ukirudi: uvuguvugu ni kawaida, kuchoma vidole siyo. Likikata tena, anza upya kwenye ethi na ampea za pampu kabla ya kurudi dukani.