Mama O hasi, mtoto O chanya: kwa nini wa kwanza alisalimika?

SWALI: Mimi ni kundi O hasi, mume wangu O chanya. Mtoto wetu wa kwanza ni O chanya, alizaliwa salama na sikuchomwa sindano yoyote. Sasa nina mimba ya miezi minne na kliniki wananitajia sindano ya anti-D. Kama wa kwanza hakudhurika, huyu atadhurikaje? Na nasikia sindano yenyewe ni kingamwili. Haitamshambulia mtoto?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hongera kwa ujauzito, dada. Kabla ya sindano kuna kipimo, na ukifanye wiki hii: kipimo cha Coombs kwa damu yako, kuona kama tayari una kingamwili dhidi ya D. Kazi ya anti-D ni kuzuia mwili wako usizitengeneze, kwa hiyo ukiwa nazo tayari, haisaidii tena.

D ni protini iliyo juu ya seli nyekundu za mwanao, zako hazina. Damu ya mtoto humwingia mama hasa kondo linapobanduka, yaani mtoto akiwa ameshazaliwa. Mwili wako huanza kutengeneza kingamwili baada ya hapo, ndiyo maana wa kwanza husalimika.

Hatari ya wa pili imo katika umbo la kingamwili. Kila moja ina minyororo minne ya protini, miwili mizito na miwili myepesi, iliyofungamana ikawa kama herufi Y. Ncha za mikono hukamata adui. Mguu ndio unaoamua kingamwili iende wapi na imwite nani. Mwili huanza na IgM, Y tano zilizounganishwa, ambayo haivuki kondo. Baadaye huja IgG, Y moja tu, na kondo lina kipokezi maalumu kinachoushika mguu wake na kuivusha. Kwa njia hiyohiyo chanjo ya pepopunda uliyochomwa wewe humkinga mtoto. Lakini kipokezi hakiangalii mikono imelenga nini, hivyo IgG dhidi ya D nayo hupita, hunata kwenye seli nyekundu za mtoto, na wengu wake huziondoa. Mtoto huishiwa damu tumboni. Akizaliwa hupata manjano ambayo yakizidi huharibu ubongo.

Kwenu kuna jambo la ziada. Mtoto angekuwa A au B, kingamwili za kawaida za mama wa kundi O zingeziharibu seli zake mapema, kabla mwili haujaitambua D. Nyote mkiwa O, kinga hiyo haipo. Bila sindano, mama kama wewe ana uwezekano wa takriban 16 kwa 100 kuwa ametengeneza kingamwili; makundi yasipooana ni kama 2. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba bado hujachelewa.

Kipimo kikiwa hasi, kwa kawaida utachomwa mikrogramu 300 msulini, wiki ya 28. Ukijifungua, damu ya kitovu ipimwe. Mtoto akiwa chanya, uchomwe tena ndani ya saa 72. Muda huo ukipita, bado idai: hadi siku ya 10 inaweza kusaidia. Dozi hiyo inatosha mililita 30 za damu ya mtoto. Kondo likitolewa kwa mkono au tumbo likiumia vibaya, damu iliyovuja inaweza kuzidi hapo, hivyo ipimwe na dozi iongezwe. Mimba ikitoka, ikiwa nje ya kizazi, au ukitokwa damu, nenda mara moja, usingoje wiki ya 28.

Ndiyo, anti-D ni IgG na kiasi kidogo humfikia mtoto, ila ni kichache mno kumpunguzia damu. Inachovuruga ni vipimo: hupungua kwa nusu kila wiki tatu hivi, na maabara inaweza kuidhania ni yako. Damu ya Coombs itolewe kabla ya sindano, na tarehe iandikwe kwenye kadi.

Coombs ikiwa chanya, ulizia kiwango. Kuanzia 1:16, yaani kingamwili bado zinaonekana damu ikizimuliwa mara 16, hospitali nyingi humpeleka mama kwa bingwa wa uzazi, ambaye hupima kwa ultrasaundi kasi ya damu katika mshipa wa ubongo wa mtoto. Damu nyepesi hukimbia zaidi, na mtoto anaweza kuongezewa damu akiwa bado tumboni.