Shati linalonuka vizuri

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Siku hizi nanunua pafyumu katika vichupa vidogo, vile vya mililita 1 au 2, najaribu kimoja kimoja kabla sijatoa hela ya chupa kubwa. Je, ni sahihi kusema "naonja pafyumu", au kuonja ni kazi ya ulimi tu? Juzi nilijaribu Shalimar kutoka kwenye chupa ya miaka mingi, na mpaka jioni shati lilikuwa bado linanuka vizuri. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Onja bila wasiwasi. Kitenzi hicho kilishatoka ulimini zamani: watu huonja mauti, huonja jela, huonja ukubwa, wala hakuna aliyetia kijiko mdomoni. Hicho kichupa chenyewe kiite kionjo. Swali lako limeisha, na ningekuaga hapa hapa, lau si ile sentensi ya shati.

"Linanuka vizuri." Haya, tuanze na hilo "vizuri". Ukisikia mwizi kapigwa vizuri, huelewi kwamba alipigwa kwa adabu. Mtu aliyelewa vizuri haijui njia ya kwao. Aliyelowa vizuri hana uzi mkavu mwilini. Basi shati linalonuka vizuri ni lile lililonuka likakamilika: kwapa linanuka, kola inanuka, mpaka vifungo vinanuka. Kielezi hapo hakikisafishi kitenzi, kinakikazia. Na wale wa "inanuka poa" na "inanuka freshi" wasicheke, wamo humo humo.

Lugha imekwisha kutugawia kazi. Soksi hunuka, asumini hunukia. Anayesogeza pua ananusa. Harufu inayomfikia anaisikia, ndiyo, anaisikia, na wale wajuaji wanaokosoa watu mitaani kwamba harufu haina sauti wangetafuta kazi nyingine. Wahenga waliposema mavi ya kale hayanuki, walijua wanachosema. Weka "hayanukii" uone: methali inageuka lalamiko la mtu aliyeyatarajia yanukie.

Kuna watetezi watakaosema mbona manukato yenyewe yana "nuka" tumboni. Yana, lakini tazameni mkia. Hiyo -to ni kiambishi cha kale, kilichosikika hasa Lamu, chenye maana ya wema au usawa: kuweka ni kuweka tu, kuwekato ni kuweka inavyopasa. Manuka ni harufu, manukato ni harufu njema. Yaani wazee waliliona tatizo, wakalifunga kwa silabi moja. Marashi nayo yametoka kwenye Kiarabu cha kunyunyiza, ndugu yake mvua ya rasharasha, ndiyo maana chupa ya shingo ndefu ya kunyunyizia maji ya waridi inaitwa mrashi. Kwa hiyo marashi hurashiwa au hupuliziwa. Hupakwi marashi isipokuwa ni ya mafuta.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anayeonja pafyumu ndiye hasa anayevihitaji vitenzi vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Chukua hiyo Shalimar yako. Ni ya nyumba ya Guerlain, watengenezaji pafyumu wa Ufaransa, ya mwaka 1925, na juu yake, yaani katika harufu inayosikika kwanza, imejaa bergamoti, tunda la jamii ya limau. Mafuta ya jamii hiyo ndiyo hutangulia kuharibika chupa ikikaa kwenye joto au mwanga. Chupa kuukuu ukiipulizia, dakika 5 au 10 za kwanza huenda ikanuka, kama kiondoa rangi ya kucha. Usiioshe. Vanila na utomvu vilivyo chini havipotei upesi, na baada ya nusu saa inaanza kunukia. Hapo sentensi sahihi ni: "Ilinuka kwanza, kisha ikanukia." Iandike kwa "kunuka vizuri" uone kama utaeleza lolote.

Nyingine hunuka kwa makusudi. Jicky, ya nyumba hiyo hiyo, 1889, ilitiwa zabadi, ile inayokamuliwa kwa ngawa. Zabadi tupu inanuka, hakuna adabu ya kulisema hilo. Ikizimuliwa mpaka ikawa chembe, inaipa lavenda iliyomo joto la ngozi ya mtu, nayo ikanukia.

Ukitaka vitenzi vyako viwe vya kweli, onja kwa utaratibu. Pulizia karatasi kwanza, andika jina juu yake, ngoja dakika 1 spiriti iruke, ndipo unuse. Ukinusa mara tu baada ya kupulizia unaisikia spiriti, na pua inaduwaa. Zinazokuvutia zitie ngozini, moja kila mkono, upande wa ndani wa kiwiko, zisizidi 2 kwa siku. Usisugue. Nusa baada ya dakika 15, baada ya saa 1, kisha baada ya saa 4, kila mara ukiandika: yanuka, yanukia, haisikiki. Hiyo ya tatu usiiamini haraka, maana pua huzoea, na zipo aina za miski ambazo baadhi ya watu hawazisikii kabisa. Muulize mwenzio aliye karibu. Kwa joto la Tanga mipulizo 2 inatosha, ya 3 ni ya abiria wenzako kwenye daladala. Nguo hushika harufu kuliko ngozi, ila pafyumu yenye rangi ya kahawia huacha doa kwenye kanzu nyeupe. Na siku ya kuonja usivae nguo iliyofukizwa udi, utakuja kuisifu pafyumu kwa kazi ya chetezo.

Kuhusu "pafyumu" sina ugomvi. Limeshaingia, limeketi ngeli ya i-/zi-, linakaa kwa heshima. "Manukato hii inanukia" ndilo sitalipokea: ni manukato haya, yananukia. Magazeti ya michezo nayo yakiandika timu "yanukia ubingwa" nayaachia, angalau wamechagua kitenzi sahihi, hata kama timu yenyewe haijafika fainali.

Shati lako, kama lilinukia mpaka jioni, andika hivyo. Kama lilinuka, lifue.