Shule yetu tuiite Bibi Titi?

SWALI: Dada shikamoo. Kata yetu huku Pwani tunamalizia sekondari mpya, sasa kwenye mkutano akinamama tukapendekeza iitwe Bibi Titi Mohamed, mzee mmoja akasimama akasema hapana, huyo alifungwa kwa uhaini, mtawafundisha nini watoto? Tukanywea wote. Tumjibu vipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na wala msinywee! Mzee hajasema uongo, ila kaanzia mwisho wa stori. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa ngoma hapo Dar, shule yenyewe hakusoma sana, lakini 1955 akapewa kuongoza wanawake wa TANU akapita kwenye vikundi vya ngoma, kwa mamantilie na wauza pombe akawaingiza chamani kwa maelfu, wakati wanaume wengi wenye kazi serikalini walikuwa wanaogopa hata kushika kadi. Baada ya uhuru akawa mbunge na waziri mdogo. Kesi ipo kweli, alikamatwa 1969 akahukumiwa maisha, lakini 1972 Nyerere akamwachia, na leo barabara kubwa katikati ya Dar inaitwa jina lake, sasa serikali imeshamaliza mzee bado anakomaa?

Cha kufanya, hakikisheni jina limeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano, lipelekeni kamati ya maendeleo ya kata kisha halmashauri, na ulizeni kwanza kama wilayani hakuna shule nyingine yenye jina hilo, msije mkarudishwa. Na wahini, diwani asije akaweka lake.