Unyoya wa kijani ulioukuta Naivasha ni wa bata gani?

Umeuliza kama unyoya wa kijani unaong'aa ulioukuta kando ya Ziwa Naivasha ni wa bata mwenye mdomo wa njano. Huenda, ila kijani pekee hakitoshi. Kwanza mwondoe bata bukini, maana wamejaa pale na wao pia wana kijani bawani. Unyoya wa bukini ni mkubwa, na nchani hauna weupe.

Sasa ugeuzegeuze juani. Kiraka cha kijani cha mdomo-njano kipo kwenye manyoya ya nyuma ya bawa, yale ya karibu na mwili, na kinang'aa upande mmoja tu wa uti, ule mshipa mgumu wa katikati ya unyoya. Upande wa pili ni kijivu-kahawia. Rangi ikielekea buluu usishtuke, inategemea mwanga unavyoangukia. Ukiona kijani, kisha ukanda mweusi, kisha ncha nyembamba nyeupe, hapo mdomo-njano anakubalika. Mstari mweupe wa mbele ya kiraka usiutafute, huo unatokana na manyoya mengine yanayofunika haya.

Unyoya ukiwa mfupi na ncha nyeupe ni pana, fikiria yule bata mdogo mwenye mdomo wa buluu na utosi mweusi. Bata mwenye mdomo mwekundu hayumo kabisa, kiraka chake ni rangi ya krimu. Kama uliuokota kati ya Oktoba na Machi, bata wageni kutoka Ulaya na Asia nao huwa wapo, na hapo kazi inakuwa ngumu zaidi. Tupia picha ya pande zote mbili, na uweke rula pembeni.