Mwanangu, Niandikie Pia

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini nahangaika kukuandikia aya nzima kwenye simu, ilhali picha moja au emoji mbili zingetosha. Swali lako nimelipenda, na sitalijibu kwa kukwambia kwamba ya zamani ndiyo bora.

Picha ina nguvu zake, sibishi. Ukitaka fundi ajue bomba limepasuka wapi, mpigie picha umtumie. Sura ya mtoto aliyezaliwa leo nayo nani ataieleza kwa maneno ikaeleweka?

Ila picha haiwezi kukana. Nionyeshe mlango uliofungwa: sitajua kama si wewe uliyeufunga, kama utafunguliwa kesho, wala kama ungekuwa wazi laiti ningewahi. Si, kama, bado, labda, kwa sababu: hayo hayana sura ya kupigwa picha, na ndiyo tunayoyategemea tunapoahidi, tunapokataa na tunapoombana radhi. Ndiyo maana picha ya zamani ya umati barabarani huzungushwa tena mitandaoni na maelezo mapya, watu wakaamini ni tukio la leo. Picha ni ile ile. Maneno ya chini yake ndiyo yaliyotuamulia tuone nini.

Hata hizo alama zilizaliwa ziyasaidie maneno. Mwaka 1982 Scott Fahlman, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alipendekeza alama :-) kwa kuwa watu walisoma utani wa wenzao wakadhani ni maneno ya dhati. Mwaka 1999, Shigetaka Kurita akabuni emoji 176 kwa ajili ya kampuni ya simu ya NTT DoCoMo nchini Japani, vichoro vidogo vya kutia uso na hisia kwenye ujumbe mfupi. Kazi njema kabisa. Kuviachia kazi yote ndiko kunakonitia wasiwasi.

Kuna mkulima mmoja wa Kanada aliyetumiwa kwa simu picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani. Akajibu kwa emoji ya dole gumba. Mzigo haukufika, na alipoulizwa akasema alimaanisha tu kwamba mkataba ameupata. Mwaka 2023 mahakama ya jimbo la Saskatchewan iliamua kwamba dole lile ni sahihi yake, ikamwamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. "Nimeupata, nitausoma" yangeandikwa kwa sekunde chache!

Tena wako wasioona, ambao simu huwasomea ujumbe kwa sauti. Ukituma tangazo lililoandikwa ndani ya picha bila maelezo, mara nyingi wao huambiwa tu kwamba kuna picha. Umewafungia nje bila kukusudia, na hilo linaniuma kuliko yote niliyokwambia.

Basi rafiki akifiwa, usimtumie viganja vilivyounganishwa ukaishia hapo. Mtaje marehemu kwa jina, useme unachomkumbukia. Ukikosana na mtu, mwandikie ulichokosa.

Picha za safari yenu nimezifungua zote. Niandikie huyo aliyesimama kulia kwako ni nani, na mlikuwa mnacheka nini.

Mama yako