Nataka kumwigiza marehemu baba, ila nalia kila mazoezi

SWALI: Anti shikamoo. Baba alifariki mwaka jana na tangu hapo naandika igizo la mtu mmoja, mi mwenyewe tu stejini saa nzima, kuhusu kumuuguza, msiba, na nyumba ilivyokuwa watu walipoondoka matanga. Nikifika pale pa hospitali nalia nashindwa kuendelea, halafu kaka yangu mkubwa anasema naanika mambo ya familia. Niache?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana kwa kuondokewa na mzee. Usiache. Ila kwenye zile kurasa ulizonitumia baba anaingia akiwa kitandani na anatoka akiwa marehemu, yaani sisi hatujamjua hata kidogo halafu unataka tumlilie! Kuna mstari mmoja umeupitia haraka, kwamba alikuwa anakohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango ili mjue karudi. Hapo ndo pa kuanzia. Kohoa hivyo mapema, watoto wakimbilie vitabu tucheke, halafu baada ya mazishi wewe mwenyewe ukifika mlangoni ukohoe mara mbili. Usitufafanulie.

Billy Crystal, yule mchekeshaji wa Marekani, alipanda Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo kule New York, mwaka 2004 na onesho lake la peke yake, 700 Sundays. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 15, na kwa vile mzee alikuwa na kazi mbili, Jumapili ndo ilikuwa siku yao, sasa akapiga hesabu akaona walipata kama Jumapili 700 tu. Ni onesho la kuchekesha kweli, na ndo maana linauma.

Kulia si kosa, lakini ukishindwa kutamka watu wanamwacha baba wanaanza kukuonea huruma wewe. Upe mwili kazi, kunja shuka pembe kwa pembe huku unasema maneno ya daktari. Kubaliana na mtu wa taa, ukishika kiti anazima, unavuta pumzi, mnaendelea. Na kama bado kila siku unavunjika basi sogeza tarehe na umwone mshauri nasaha, maana utamzika upya kila usiku mwanangu, ni mzigo.

Kaka yako ana hoja, naye kafiwa. Msomee yeye na mama kabla hujatangaza, na mambo ya madeni au siri za ugonjwa wakikuomba toa. Ya kwako wewe na baba yako hayahitaji kibali cha mtu. Siku ya kwanza mkalishe kiti cha pembeni, akizidiwa atoke bila kuruka miguu ya watu.