Mgonjwa mmoja, majibu matatu: spirometa imeharibika?

SWALI: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku Arua, Uganda, na tumepata spirometa, mashine ya kupima pumzi. Mama mmoja wa miaka 58, aliyepikia kuni tangu utotoni, alipuliza mara tatu. FVC ilisoma lita 2.0, 2.4 na 2.5, FEV1 ikasoma 1.45, 1.5 na 1.5. Je, mashine ni mbovu? Na mbona haionyeshi hewa yote iliyomo mapafuni?

JIBU: Dada, sidhani mashine yako ina kasoro. Tazama namba zako mwenyewe: FEV1, yaani hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza, karibu haikubadilika. Kilichobadilika ni FVC, hewa yote anayoitoa kwa nguvu mpaka mwisho. Mama alianza vizuri mara zote, ila mara ya kwanza alikatiza pumzi.

Usilichukulie hilo kijuujuu. Gawanya FEV1 kwa FVC. Jaribio la kwanza linatoa asilimia 72.5, na kwa mpaka wa 70 tunaoutumia sana ungemwambia yu mzima, aende nyumbani. La tatu linatoa asilimia 60. Mama ni yule yule, kiti ni kile kile! Pumzi iliyokatizwa huficha ugonjwa, na wenye njia za hewa zilizobana ndio hasa wanaokatiza, kwa kuwa hewa yao hutoka polepole na wanachoka kabla haijaisha.

Kwa hiyo angalia mchoro wa ujazo kwa muda. Mstari hupanda kwa kasi, kisha unapaswa kulala tambarare. Ukikatika ungali unapanda, usiiamini FVC hiyo. Mimi huinama mbele ya mgonjwa, jicho moja kwenye kioo cha mashine, na sinyamazi: "Vuta, vuta, jaza kifua... puliza! Bado, bado, endelea!" mpaka mstari ulale, hata ikichukua sekunde 15. Kama mama husikia Kilugbara vizuri kuliko Kiswahili, hiyo "bado" mwambie kwa Kilugbara. Pua ibanwe, midomo ikaze, na aketi, maana wengine hupata kizunguzungu.

Unahitaji majaribio matatu mazuri, na FVC mbili kubwa zisipishane zaidi ya mililita 150, FEV1 vilevile. Zako za pili na tatu zimepishana 100, kwa hiyo umebakiza moja tu. Kisha mpe salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, mipulizo minne, subiri dakika 15, apulize upya. Akibaki chini ya 70, mpeleke kwa daktari: moshi wa kuni unaweza kuwa umeharibu mapafu yake kwa namna ya kudumu.

Ukitaka kuwa na hakika na mashine, isukumie hewa kwa bomba maalumu la kupimia, la lita 3, kila siku ya kazi. Isome kati ya 2.91 na 3.09.

Kuhusu hewa yote: spirometa huhesabu hewa inayopita ndani yake tu. Hata mtu akipuliza mpaka machozi yamtoke, mtu mzima hubaki na lita moja na ushei kifuani. Hiyo hupimwa kwa kumvutisha gesi ya heliamu ya kiwango kinachojulikana, au kwa kumketisha ndani ya kibanda kilichofungwa. Daktari John Hutchinson wa London, aliyeeleza spirometa yake mwaka 1846, naye alipima ile inayotoka tu.

Mwite mama arudi wiki hii. Kama anakohoa kwa zaidi ya wiki mbili, apimwe TB kwanza, kisha ndipo apulize.